Ndovu Wanaletwa Lini? Swali Ambalo Nairobi Imekuwa Ikikosea Tangu 1946



Mwezi uliopita nilimpeleka kazin wangu, yuko form two, kwenye Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Tulitoka Lavington asubuhi na Probox ya beshte yangu, tukashuka James Gichuru hadi Junction, tukaingia Ngong Road, halafu bypass hadi Lang'ata. Siku hiyo jam ilituhurumia. Tulilipa kwa eCitizen, tukaingia, na ndani ya saa mbili tulikuwa tumeona twiga, nyati, mbuni na pundamilia hadi tukachoka kupiga picha. Kisha tukabahatika: kifaru mweusi, peke yake, anakula vichaka, na nyuma yake maghorofa ya Upper Hill. Ile picha kila mtu anataka. Nilikuwa bado nashika simu wakati treni ya SGR ilipita juu ya daraja, mbali kidogo.

Kazin akaniangalia. "Na ndovu? Wanaletwa lini?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikapata sina jibu. Mbuga yetu iko na simba, chui, nyati na kifaru, lakini haina ndovu wa porini. Wale wadogo wanaonyonyeshwa na chupa pale Sheldrick ni mayatima. Wakikua wanapelekwa Tsavo na Kibwezi kufundishwa maisha ya porini. Hakuna anayebaki Nairobi.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo usiningoje na gauni la graduation. Lakini nimesoma ya kutosha kujua kwamba swali la kazin wangu, ambalo pia ni swali langu na lako, linaanzia mahali pabaya. Tunauliza ni mnyama gani ataletwa. Historia ya hii mbuga inasema tungeuliza nani amefungiwa mlango.

Tuanzie mwanzo.

Kuna jamaa anaitwa Mervyn Cowie, mzungu aliyezaliwa hapa Kenya. Alienda Uingereza kusoma, akarudi mwaka 1932, akapata wanyama aliowaacha kwenye nyanda za Athi wamepungua vibaya. Nairobi ilikuwa inakua, mashamba yanapanuka, bunduki ni nyingi. Eneo ambalo leo ni mbuga lilikuwa malisho ya wazi. Wamaasai walichunga hapo, Wasomali walichunga hapo, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi walifanyia hapo mazoezi ya kulenga shabaha.

Cowie alijaribu kuongea na serikali ya ukoloni, akapuuzwa. Sasa sikia alichofanya. Aliandika barua kwa gazeti bila jina lake, akajiita mlowezi wa zamani, akapendekeza wanyama wote wa porini wauawe wamalizwe wasisumbue wakulima. Watu wakawaka! Barua za hasira zikamiminika, na serikali ikalazimika kuunda kamati. Sisi tunadhani tumevumbua kuchokoza watu mtandaoni ili posti iende mbali. Huyu buda alifanya hivyo kabla bibi yangu hajazaliwa, kwa karatasi na stempu.

Desemba 1946 mbuga ikafunguliwa, ya kwanza nchini Kenya, na Cowie akasimamia mbuga za kitaifa hadi miaka ya 1960. Ukubwa ni kilomita 117 za mraba, kama kilomita saba tu kutoka katikati ya jiji.

Lakini kuna sehemu ambayo hatuambiwi tukipelekwa school trip. Wamaasai waliokuwa wakichunga hapo waliondolewa. Hata jina Nairobi ni la kwao, Enkare Nairobi, maji baridi. Wao na ng'ombe wao walikuwa wameishi na hao wanyama miaka na mikaka bila ofisi ya tiketi. Mbuga ilipoanza, walihesabiwa kama shida. Weka hiyo mahali, tutairudia.

Sasa njoo kwa swali la kuleta wanyama. Ukweli ni kwamba Nairobi imeleta wanyama, na imefaulu. Kuanzia miaka ya 1960, vifaru weusi walianza kuhamishiwa hapa kutoka sehemu ambazo hazikuwa salama tena. Wakati huo mtu angekuona mwenda wazimu, kwa sababu Kenya ilikuwa na vifaru wengi. Mwaka 1970 walikadiriwa kuwa kama 20,000. Kisha majangili wakaingia kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400 nchi nzima. Hebu soma hiyo tena. Kutoka 20,000 hadi chini ya 400 katika muda ambao mtu anazaliwa na kumaliza high school.

Mbuga ndogo za uzio na walinzi, Nairobi ikiwemo, ndizo zilizookoa hao waliobaki. Nairobi ikawa kitalu: vifaru wanazaana hapa, halafu wengine wanapelekwa kwingine kuanzisha familia mpya. Leo vifaru weusi wa Kenya wamefika karibu 1,000. Kwa hivyo mtu akikuambia mbuga ya mjini ni ya mapambo tu, mwambie aende akasome.

Kuhamisha wanyama si kama kuhama nyumba na pickup, lakini. Julai 2018 vifaru 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki. Wote 11 walikufa. Maji ya kule yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyozoea, miili ikaishiwa maji. Wa mwisho, akiwa tayari amedhoofika, alishambuliwa na simba. Mwanzoni mwa 2024 zoezi lingine likafanyika, vifaru 21 wakienda Loisaba kule Laikipia. Hata hapo, kifaru wa kwanza waliyejaribu kumchukua kutoka Nairobi hakuitikia dawa ya usingizi vizuri, wakaamua kumwachilia badala ya kumlazimisha. Mimi niliona hiyo ni dalili kwamba somo la 2018 liliingia.

Kwa hivyo kwa upande wa kuleta, tuko na historia ya kujivunia na historia ya kulia. Sasa tuangalie upande wa kuondoka, kwa sababu hapo ndipo hesabu inaharibika.

Ukisema uhamiaji wa nyumbu, kila mtu anafikiria Maasai Mara. Lakini Nairobi ilikuwa na wake. Sikujua hii hadi mwezi uliopita na nimeishi hapa maisha yangu yote. Mbuga ina uzio pande tatu: magharibi, kaskazini na mashariki. Upande wa kusini kuna mto Mbagathi, na ng'ambo yake nyanda za Athi-Kapiti zinazoshuka hadi Kitengela, Isinya na kuendelea. Hizo nyanda zote pamoja na mbuga ni zaidi ya kilomita 2,000 za mraba. Yaani kile tunachokiita mbuga ni kama asilimia tano tu ya nyumba ya hawa wanyama. Ni kama jikoni. Mtu akikwambia utaishi jikoni peke yake, utaishi, lakini si maisha.

Mpango wao ulikuwa hivi. Wakati wa kiangazi nyumbu, pundamilia na pofu waliingia mbugani, kwa sababu kuna mto na mabwawa yasiyokauka. Mvua ikinyesha, wanatoka kusini. Nyasi za nyanda ni fupi, zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji, na kwa nyasi fupi unamwona simba akiwa bado mbali. Wanazaa huko, wanalea huko, kiangazi kikirudi nao wanarudi. Kila mwaka, bila mtu kuwaongoza.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kufikia 2011, watafiti waliokuwa wakifuatilia hesabu hizo walikuta wanaoingia mbugani ni mamia tu. Hakuna ujangili mkubwa uliowamaliza kwa usiku mmoja kama vifaru. Walimalizwa na kitu cha kawaida kabisa: ploti.

Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Wamaasai wa Kitengela iligawanywa, kila familia ikapata hati yake. Baadaye viwanda vya EPZ vikaja Athi River na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Barabara ya Namanga ikachangamka. Ardhi ikakatwa, ikakatwa tena, hadi 50 kwa 100. Kila ploti ikapata waya au ukuta wake. Nyumbu harukii ukuta wa mawe. Anazunguka, anakutana na mwingine, anazunguka tena, hadi anaacha.

Hapa ndipo inabidi niseme ukweli. Mathe ana ploti Kitengela.

Aliinunua 2009 kupitia chama. Mwaka 2011 tukaijengea ukuta. Nilikuwa darasa la pili, nakumbuka nikibeba mawe madogo nikijiona fundi. Fundi mwenyewe, mzee wa pale, alituambia zamani pundamilia walikuwa wanapita hapo hapo tulipokuwa tunachimba msingi. Sisi tulicheka. Mimi nilitamani tu wapite tena niwaone, huku nikipanga mawe ya kuwazuia. Sikuunganisha hayo mambo mawili hadi nilipokaa na hizi karatasi mwezi uliopita.

Kwa hivyo sitakuja hapa kutukana watu wa Kitengela na Kajiado nikiwa Lavington na oat milk mkononi. Sisi ndio tuliwanunulia. Na kusema kweli, hata huku Lavington kila bungalow inayobomolewa inageuka ghorofa ya orofa 15. Hatuna haki ya kumfundisha mtu kuhusu kutojenga.

Sasa angalia mipango ya maendeleo yenyewe. Reli ya SGR kwenda Naivasha ilipitishwa katikati ya mbuga, juu ya daraja la kama kilomita sita. Watu walienda kwa mahakama ya mazingira mwaka 2016 na ikatolewa amri ya kusimamisha, lakini ujenzi ulianza 2018 na treni ikazinduliwa Oktoba 2019. Watetezi wake walisema twiga watapita chini, na ni kweli wanapita chini. Shida yangu na ile reli ni nyingine: ilituonyesha kwamba mpaka wa mbuga unaweza kusongezwa na yeyote aliye na ramani na haraka.

Halafu ikaja 2020. Tukiwa tumefungiwa na corona, KWS ilitoa rasimu ya mpango wa kusimamia mbuga kutoka 2020 hadi 2030. Ndani kulikuwa na hoteli, mkahawa wa hadhi, na wazo la kuzungushia uzio upande wa kusini. Maoni ya wananchi yalikuwa yatolewe mtandaoni, wakati wa curfew. Wahifadhi walipiga kelele, na kelele hizo zilikuwa na sababu.

Lakini nataka niwe mkweli kwa upande wa pili pia, kwa sababu hoja ya uzio si ya kijinga. Angalia Rwanda. Mbuga ya Akagera ilikuwa imemaliza simba wake miaka baada ya mauaji ya kimbari. Wakajenga uzio wa kilomita 120, ukaisha 2013. Mwaka 2015 wakaleta simba saba kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 wakaleta vifaru weusi 18. Mwaka 2021 vifaru weupe 30 wakaja na ndege ya Boeing 747. Hao simba wamezaana. Hiyo ndiyo mbuga inayokua, na ina uzio.

Tofauti ni moja, na ni kubwa: Akagera ina zaidi ya kilomita 1,000 za mraba. Yetu ina 117. Uzio wa Akagera umefungia nyumba nzima. Uzio wa Nairobi ungefungia jikoni. Ukifunga kusini leo, utabaki na vifaru, nyati, simba wachache ambao itabidi uwahesabu na kuwahamisha wasije wakazaana ndugu kwa ndugu, na nyasi ndefu zisizo na walaji wa kutosha. Hapo unaweza kuleta ndovu ukitaka. Watamaliza miti kwa muda mfupi, halafu itabidi uwalishe. Utakuwa umejenga zoo kubwa yenye mandhari nzuri ya Upper Hill.

Kuna mnyama mwingine anayenifundisha hili jambo, naye ni bongo. Si bongo ya kichwa wala Bongo ya Diamond. Ni yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, wa misitu ya milima yetu. Waliobaki porini ni chini ya 100, na wote wako Kenya. Unaweza kumwona Safari Walk pale lango la Lang'ata. Miaka ya nyuma bongo walikamatwa wakapelekwa zoo za Marekani, na watoto wa watoto wao ndio wanarudi sasa. Mwaka 2004 walirudi 18, wakaenda Nanyuki. Februari 2025 wakarudi wengine 17 kutoka Florida, wakapelekwa Meru. Ni diaspora kabisa. Na kazi kubwa si ndege. Tangu wale wa 2004, ilichukua hadi 2022 ndipo kikundi cha kwanza kikaachiliwa msituni, kwenye hifadhi ya Mawingu. Karibu miaka 20 ya kusubiri, kuzalisha na kufundisha, kwa sababu mnyama bila makao ni picha tu.

Turudi kwa Wamaasai niliosema uweke mahali. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Machi 2016 simba maarufu kwa jina Mohawk alipigwa risasi na askari wa wanyamapori pale Isinya, baada ya kujeruhi mtu. Kila tukio kama hilo, mjini tunaandika RIP na emoji ya kulia. Mwenye ng'ombe anabaki na hasara yake.

Lakini ni hapo hapo kijana anaitwa Richard Turere, akiwa na miaka 11, alichoka kulinda ng'ombe za babake usiku. Aligundua simba wanaogopa mwanga unaotembea, si ule umesimama. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akaunda taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka boma. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alikuwa kwenye jukwaa la TED akiielezea dunia. Hiyo taa, kwangu mimi, imefanya mengi kwa mustakabali wa simba wa Nairobi kuliko hoteli yoyote ingeweza kufanya.

Na kulikuwa na mpango mwingine. Kuanzia 2000, wenye ardhi kusini mwa mbuga walianza kulipwa dola nne kwa ekari kwa mwaka, ili wasijenge uzio na wasiuze. Familia nyingi zilikubali, na doh ilisaidia karo. Sasa nilipiga hesabu ya ploti ya mathe, ingawa mpango haukuwa wa viploti kama chetu. 50 kwa 100 ni kama sehemu moja ya nane ya ekari. Hiyo ni nusu dola kwa mwaka. Shilingi kama 60. Haitoshi smokie mbili.

Nilimwambia mathe hiyo hesabu tukiwa jikoni. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa hivyo mnataka watu wa huko wawafugie simba kwa bei ya smokie?"

Sikuwa na la kujibu. Hiyo sentensi ni mpango mzima wa maendeleo wa Mbuga ya Nairobi, na mathe hajawahi kusoma rasimu yoyote.

Kwa hivyo jibu langu kwa kazin, na kwako, ni hili. Vifaru watabaki, kwa sababu wanavumilia kuishi jikoni na tumejifunza kuwalinda. Bongo ni wa mlimani, mwache arudi mlimani. Ndovu wasahau kwa sasa. Mnyama ambaye ningependa kuona kwenye mpango ujao ni nyumbu, mnyama ambaye hakuna mtu hulipa tiketi kumwona. Kwa sababu nyumbu hawezi kuletwa na lori. Akirudi kwa wingi, itamaanisha mtu amelipwa vizuri asiuze, uzio umeshushwa mahali, na njia ya kusini imebaki wazi. Simba na duma watamfuata wenyewe.

Ile rasimu ilikuwa ya 2020 hadi 2030. Piga hesabu. Mtu atakaa chini hivi karibuni aandike inayofuata, na kazin wangu atakuwa na kura. Safari hii hakutakuwa na curfew ya kusingizia. Ukiiona, usianze na ukurasa wa hoteli. Tafuta ramani, angalia kusini ya mto Mbagathi, uone wameandika nini hapo. Na uangalie mwenye ardhi analipwa ngapi.

Ploti bado tuko nayo. Mathe anasema bei imepanda.